Umefika Nchi Ngapi kwa Ndege? Namna ya Kuhesabu kwa Usahihi

Januari 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia yake ya ndege hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa mojawapo ya vituo. Ndege za wakati ule hazikuweza kwenda mbali bila kutua. Kutoka Nairobi zilitua Moshi, zikatua Dodoma, zikatua Mbeya, ndipo zikavuka kuingia nchi ambayo leo ni Zambia. Abiria aliyenyoosha miguu hapa Dodoma wakati tangi likijazwa mafuta, kisha akapanda tena na kwenda zake, alifika Tanganyika au hakufika?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Linamhusu mtumishi anayelala Mkonze na kufanya kazi Mtumba, hapahapa Dodoma, aliyewahi kutumwa mikutanoni nje. Linamhusu mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyesoma muhula mmoja nje, na hujaji aliyesubiri ndege Addis Ababa akielekea Jeddah. Kila mmoja ataulizwa siku moja amefika nchi ngapi, na wengi watatoa namba wasiyoweza kuitetea.

Mwongozo huu unakusaidia kuipata namba yako, kuiandika na kuilinda.

KWA NINI IWE SAHIHI

Wapo wanaohesabu nchi kwa raha tu, na raha hiyo ni halali. Lakini kuna siku namba hiyo inatakiwa na mtu mwenye mamlaka. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, inamtaka mwombaji ataje nchi alizosafiri katika miaka 5 iliyopita. Fomu ya Uingereza inarudi nyuma miaka 10. Anayejaza kwa kukumbuka kichwani, usiku wa manane kabla ya miadi ya ubalozi, huruka safari moja au mbili, na afisa anayesoma fomu ana pasipoti mkononi. Kwa Uingereza, maelezo yakionekana ni ya udanganyifu, mwombaji anaweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Kusahau si kudanganya, ila ni vigumu kumthibitishia mtu usiyemwona kwamba ulisahau.

Afya nayo ina hesabu yake. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi hiyo akisubiri kuunganisha safari. Kwa hiyo nchi ambayo hukutoka nje ya jengo lake la abiria inaweza kuwa na uzito kisheria. Ndiyo maana utaona chini kwamba daftari lako linahitaji kuandikwa hata saa.

Na kuna familia. Mzee akifariki, pasipoti zake huishia kwenye sanduku pamoja na risiti za umeme, na baada ya miaka michache hakuna mjukuu anayejua kwamba babu aliwahi kutua Moscow au Bombay. Hiyo ni historia ya nchi hii inayopotea nyumba kwa nyumba.

ANZA NA KANUNI, SIYO NA NCHI

Kosa kubwa ni kuanza kuorodhesha nchi kabla ya kuamua unahesabu nini. Chukua kauntabuku, fungua ukurasa wa kwanza, ujibu maswali manne kwa maandishi.

*1. Nchi ni ipi?* Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Wa mwisho kuingia ni Sudan Kusini, Julai 2011. Ukiongeza Vatikani na Palestina, ambazo ni waangalizi, unapata 195, na hiyo ndiyo namba wasafiri wengi wanaitumia. Si orodha pekee. Umoja wa Afrika una wanachama 55, ilhali Waafrika walio Umoja wa Mataifa ni 54. Tofauti ni Sahara Magharibi. Klabu ya wasafiri iitwayo Travelers' Century Club, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1954 kwa ajili ya waliofika sehemu 100 au zaidi, ina orodha ya sehemu zaidi ya 300, kwa sababu visiwa na maeneo ya mbali huhesabiwa peke yake. Katika orodha hiyo Zanzibar ina mstari wake na Tanzania ina wake.

Kwa msomaji wa kawaida, 195 inatosha. Ina maana kwamba ndege ya kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, na ya Dar es Salaam kwenda Unguja, haziongezi kitu.

*2. Kufika ni nini?* Hapa ndipo ubishi wote ulipo. Travelers' Century Club inakubali hata ndege iliyotua kujaza mafuta tu. Wasafiri wengine wanasema kama hukupita Uhamiaji hukufika. Usipoteze muda kuchagua upande mmoja. Tumia madaraja matatu:

- A: Uliingia. Ulipita Uhamiaji na kuingia nchini rasmi.
- B: Ulishuka. Ulishuka kwenye ndege, ukasubiri ndani ya jengo, hukupita Uhamiaji.
- C: Ulitua. Ndege ilitua, wewe hukuinuka kwenye kiti.

Nchi ulizopita juu yake angani haziandikwi kabisa, hata kama rubani alikutangazia kwamba mlima ule chini ni Kenya.

*3. "Kwa ndege" inaanzia wapi?* Wakazi wa kanda ya kati husafiri sana kwa barabara: Namanga, Mutukula, Rusumo, Tunduma, Kasumulu. Kuna anayekwenda Kampala kwa basi na kurudi kwa ndege. Ukiwa mkali, Uganda haimo, maana hukutua huko. Kanuni nzuri zaidi ni kuihesabu nchi ikiwa ulitua au uliruka kutoka uwanja wake, ukiweka alama "b" ya barabara pembeni ili ukiulizwa uweze kueleza.

Ujue pia kwamba hesabu ya ndege ina kikomo. Vatikani, Monaco, San Marino, Andorra na Liechtenstein hazina uwanja wa ndege za abiria. Hakuna aliyefika nchi zote 195 kwa ndege peke yake, na hatatokea mpaka zote ziwe na viwanja.

*4. Nyumbani kunahesabiwa?* Ukitaka kujilinganisha na 195, ihesabu Tanzania, kwa kuwa imo ndani ya 195. Ukiulizwa mezani "umefika nchi ngapi za nje," iache. Iandike mstari wa kwanza, peke yake, usiichanganye na nyingine.

HATUA ZA KUJENGA ORODHA

1. Kusanya hati zote za kusafiria. Pasipoti ya sasa, zilizokwisha muda, na hati za dharura za safari ambazo wengi walivukia mipaka ya Afrika Mashariki. Piga picha kila ukurasa wenye muhuri, hata uliofifia. Fanya hivyo *kabla* ya kupeleka pasipoti ya zamani kubadilishwa.

2. Soma mihuri ya Tanzania kwanza. Muhuri wa kutoka na wa kurudi unakupa tarehe mbili. Kila safari halali ya nje inapaswa kuwa kati ya jozi ya tarehe hizo. Huo ndio uti wa mgongo wa orodha yako; nchi nyingine unazipachika ndani yake.

3. Fukua barua pepe. Tafuta neno "itinerary", "e-ticket" na jina la kila shirika ulilowahi kupanda. Tiketi ndiyo inayoonyesha vituo vya kuunganisha, ambavyo pasipoti haivionyeshi.

4. Pekua simu. Picha nyingi za simu janja huhifadhi mahali zilipopigwa. Ujumbe wa mtandao wa simu unaokukaribisha nchi ngeni unaonyesha siku na saa uliyowasha simu baada ya kutua. Na kwenye kundi la WhatsApp la familia tafuta maneno "nimefika salama"; yamehifadhi tarehe kuliko shajara nyingi.

5. Kwa watumishi wa umma: nenda kwenye jalada la safari. Kibali cha safari na nyaraka za kurejesha masurufu zina tarehe na njia. Wahasibu wengi hudai pasi halisi za kupandia ndege, kwa hiyo chukua nakala kabla hujazikabidhi.

6. Jaza safu saba: tarehe; kutoka na kwenda; namba ya safari ya ndege; nchi; daraja (A, B au C); saa ulizokaa kama ni B; ushahidi ulio nao.

7. Hesabu nchi, siyo safari. Ukishamaliza, andika kila nchi mara moja tu kwenye ukurasa mpya, kwa daraja lake la juu kabisa. Kenya uliyosubiri mara nne na kuingia mara moja ni A moja.

MFANO WA KUFANYIA KAZI

Tuchukue mhadhiri wa kubuni anayeishi Mkonze. Mwaka 2009 alikwenda Juba kupitia Nairobi. Wakati wa kwenda alisubiri ndani ya uwanja, wakati wa kurudi akalala mjini Nairobi. Mwaka 2015 alikwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa bila kutoka nje ya uwanja wa Addis. Mwaka 2019 alikwenda Harare kwa ndege iliyotua Lusaka, akabaki kwenye kiti. Mwaka 2022 alikwenda Kampala kwa basi, akarudi kwa ndege kutoka Entebbe akiunganisha Kigali. Mwaka 2023, Unguja. Mwaka 2024, London kupitia Doha, kwenda na kurudi.

Orodha yake:

- Kenya: A
- Sudan Kusini: A
- Ethiopia: B
- Uchina: A
- Zambia: C
- Zimbabwe: A
- Uganda: A (b)
- Rwanda: B
- Qatar: B
- Uingereza: A

Alizoingia ni 6, au 5 akikataa Uganda ya basi. Akiongeza B anapata 9. Akiongeza Zambia, 10. Kwa kanuni za Travelers' Century Club angeongeza Tanzania na Zanzibar, zikawa 12. Mtu mmoja, safari zilezile, na namba 5, 6, 9, 10 na 12 zote ni za kweli. Uongo unaanzia pale anapotaja 12 kwa mtu aliyeuliza kuhusu A.

Ushauri wa mwongozo huu: ukiulizwa bila maelezo zaidi, jibu kwa A. Kusubiri saa tatu Doha hakukukutanisha na Qatar, na heshima ya kusema "nimefika" inastahili nchi ambayo angalau ilikupokea rasmi.

> KISANDUKU: RAMANI ILIPOBADILIKA
>
> Mhadhiri wetu alitua Juba mwaka 2009, wakati Juba ikiwa ndani ya Sudan. Sudan Kusini ilizaliwa tarehe 9 Julai 2011. Andika majina yote mawili, la siku ile na la leo, lakini jumla ihesabu kwa ramani ya leo, kwa kuwa orodha ya 195 ni ya leo. Hakupata nchi mbili. Alipata moja, Sudan Kusini.
>
> Mifano mingine inayowagusa wazee wetu:
>
> - Umoja wa Kisovyeti uliisha Desemba 1991 na kuacha nchi 15. Aliyesoma Moscow na kuruka kwenda Kiev mwaka 1985 alikuwa nchi moja. Leo ni mbili, Urusi na Ukraine.
> - Ujerumani Mashariki na Magharibi ziliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Zilikuwa mbili, leo ni moja.
> - Asmara ilikuwa ndani ya Ethiopia mpaka Eritrea ilipopata uhuru mwaka 1993.
> - Zaire na Swaziland zilibadili majina tu (mwaka 1997 na 2018). Usiandike Zaire na Kongo mistari miwili.
> - Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963. Mzee aliyeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kati ya hapo na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 alitua nchi nyingine yenye kiti chake. Kwa ramani ya leo haiongezi jumla, lakini iandike. Ni safari ambayo haiwezi kurudiwa tena.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

*Kuhesabu mji kama nchi.* Dubai, Abu Dhabi na Sharjah zote ni Umoja wa Falme za Kiarabu. Aliyetua zote tatu amepata nchi moja.

*Kuamini bendera za mpira.* England, Uskochi na Wales zina timu zao, lakini Umoja wa Mataifa una kiti kimoja tu kwa zote pamoja na Ireland ya Kaskazini.

*Kusahau mwenye kisiwa.* Komoro ilipata uhuru Julai 1975, Mayotte ikabaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Ndege ikitua Hahaya umefika Komoro. Ikitua Mayotte umefika Ufaransa, na ukiwa na Paris tayari, hujaongeza kitu.

*Kuutegemea muhuri wa Ulaya.* Nchi 29 za Schengen huwa na mpaka mmoja wa nje. Ukipita Uhamiaji Amsterdam kisha ukaruka kwenda Berlin na kurudi kwa njia ileile, muhuri ni wa Uholanzi peke yake. Ujerumani uliyokaa wiki mbili haimo kwenye pasipoti. Na mihuri yenyewe inaondoka: tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza mfumo wa kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, unaochukua nafasi ya muhuri. Tiketi na daftari ndivyo vitakavyokusaidia.

*Kudhani kila nchi ina daraja B.* Marekani haina utaratibu wa kuunganisha ndege za kimataifa bila kupita kwa maafisa wa mpaka. Aliyepitia New York akielekea Kanada alipaswa kuwa na ruhusa ya kuingia Marekani, na akaingizwa rasmi. Andika A. Kinyume chake, abiria anayepanda ndege ya kwenda Marekani kutoka Abu Dhabi hukaguliwa na maafisa wa Marekani papo hapo Abu Dhabi. Hajafika Marekani mpaka ndege itue.

*Kushindwa kujua uwanja uko nchi gani.* Uwanja unaohudumia Basel ya Uswisi umejengwa upande wa Ufaransa. Visa vya namna hiyo ni vichache, usivisumbukie sana. Andika maelezo mafupi pembeni uendelee.

TAHADHARI TATU

Fomu kwanza, kanuni yako baadaye. Madaraja A, B na C ni yako wewe. Fomu ya ubalozi ina swali lake. Lisome lilivyoandikwa, ujibu hilo. Likiwa halieleweki kuhusu vituo vya kuunganisha, uliza ubalozi kabla ya kujaza.

Usiweke picha ya pasi ya kupandia ndege mtandaoni. Msimbo uliochapwa juu yake hubeba jina lako na namba ya kuhifadhi nafasi yako, na mwenye vitu hivyo viwili anaweza kufungua safari yako na kuichezea. Ukitaka kuonyesha watu kwamba umesafiri, piga picha dirishani.

Usiiachie programu ya simu kumbukumbu yako yote. App in the Air, iliyotumiwa na wasafiri wengi kuhifadhi safari zao, ilifungwa Oktoba 2024. Programu ni msaidizi. Daftari ni lako. Karatasi ya pasi za kupandia nayo si ya kutegemewa, maana nyingi huchapwa kwa joto na maandishi hufifia. Piga picha siku hiyohiyo.

Uzito wa ushahidi umeonekana kwa msafiri mmoja mwenye asili ya kwetu. Jessica Nabongo, aliyezaliwa Detroit kwa wazazi kutoka Uganda, alikamilisha nchi 195 tarehe 6 Oktoba 2019 alipofika Shelisheli. Mmarekani mwingine, Woni Spotts, alisema yeye alimaliza mwaka mmoja kabla. Ubishi wa nani alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza haukuhusu ujasiri wala umbali. Ulihusu kumbukumbu, na Nabongo alitajwa na wengi kuwa wa kwanza ambaye safari zake zimeandikwa. Wewe huenda hutafuti rekodi yoyote, lakini afisa wa viza hutumia kipimo hichohicho.

KWA WAZEE WASIO NA PASIPOTI

Mashirika mengine yamekufa pamoja na karatasi zake. East African Airways ilianza kuruka mwaka 1946 na kusambaratika 1977, mwaka uleule Air Tanzania ilipoanzishwa. Ukiwa na mzee aliyesafiri enzi hizo, usimwulize "ulifika nchi ngapi." Muulize alikuwa anasoma au anafanya kazi wapi, ndege ilitua wapi kabla ya kufika, walilala njiani au la, na kulikuwa na baridi au joto. Njia za zamani zilikuwa na vituo vingi, na majibu hayo ndiyo yanayotoa B na C ambazo mwenyewe hakuwahi kuzifikiria. Rekodi sauti kwa simu kwa ruhusa yake. Andika "kwa kumbukumbu ya mdomo" kwenye safu ya ushahidi, na usibuni tarehe. "Kati ya 1968 na 1970" ni jibu kamili.

ORODHA YA KUKAGUA KWA SAFARI IJAYO

Kabla ya kuondoka Dodoma, iwe kwa ndege ya ndani au kwa treni ya SGR hadi Dar es Salaam:

☐ Tiketi nzima, yenye vituo vyote, imehifadhiwa kwenye barua pepe
☐ Cheti cha homa ya manjano kimo ndani ya pasipoti (tangu Julai 2016 hakihitaji kuhuishwa, ni cha maisha)
☐ Muda wa kusubiri katika kila kituo umehesabiwa, hasa ukikaribia saa 12

Njiani:

☐ Picha ya pasi ya kupandia ndege, kila kipande cha safari
☐ Picha ya muhuri mara unapogongwa. Kama hukugongwa, andika hivyo
☐ Ndege ikielekezwa kutua pengine kwa dharura, andika uwanja, saa na kama ulishuka

Ndani ya wiki moja baada ya kurudi:

☐ Safu saba zimejazwa
☐ Nakala za pasi zimechukuliwa kabla ya kurejesha masurufu
☐ Picha za kurasa za pasipoti zimetumwa kwa mtu mmoja wa familia unayemwamini